Habari ya Barakoa katika Nchi ya Ubena

Neno barakoa ni kongwe katika pwani yetu, na kabla halijawa jina la kipande cha kitambaa kinachofunika pua na kinywa ili maradhi yasipite, lilikuwa jina la sitara ya uso ya mabibi wa Kiarabu wa Unguja na Omani, iliyodariziwa kwa nyuzi za hariri na za dhahabu, ambayo Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliwaeleza Wazungu habari zake katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1886. Barakoa ile ilivaliwa kwa ajili ya staha na cheo, wala haikuhusiana na siha. Ilikaa pwani zaidi ya miaka mia, ikififia pamoja na dola iliyoikuza, hata wengi wa watu wa bara hawakuijua hata kwa kuisikia. Kisha mwaka 2020 jina hilo lilifufuka ghafula katika redio na televisheni, likapewa kazi mpya, likapanda mlima wa Kitonga pamoja na mabasi na malori, likavuka Iringa na Mafinga, likafika Makambako na Njombe. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya safari hiyo: jinsi vazi hili geni lilivyopokewa katika nyanda za juu kusini, jinsi watu walivyohojiana juu yake, na neno la nani lilisadikiwa mauti yalipobisha hodi.

Njombe ni mji wa baridi. Umekaa juu ya vilima kwa kimo cha karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai ukungu hushuka asubuhi, hata mtu humtambua jirani yake kwa sauti ya salamu ya "Kamwene" kabla hajamtambua kwa sura. Ni nchi ya Wabena na jirani zao Wakinga, Wapangwa na Wawanji. Nchi ya viazi, mahindi, chai, mbao na miwati, na siku hizi ya maparachichi. Kilomita 60 hivi kutoka hapo upo Makambako, mji uliozaliwa na njia, maana ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia inapokutana na ile iendayo Njombe na Songea, na ndipo ilipo stesheni ya reli ya TAZARA. Dereva wa lori la Kongo au Zambia hulala hapo. Mfanyabiashara wa viazi hupakia hapo. Mwanafunzi anayekwenda chuoni hungoja basi hapo. Mji wa njia panda una baraka zake na una mitihani yake: bidhaa huufikia mapema, na maradhi kadhalika.

Mitihani hiyo haikuanza juzi. Mwezi wa Oktoba 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikielekea ukingoni, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo mwishoni mwa Septemba lilikuwa limeuvuka mto Ruvuma likirudi kutoka Msumbiji, lilipita katika nchi ya Ubena likiwa limechoka, likifuatana na wapagazi, wanawake na watoto, na wengi wao wakiugua vifua. Likawaacha katika misheni ya Ubena wagonjwa na majeruhi wasioweza kuendelea, akiwamo Jenerali Kurt Wahle, kisha likashika njia ya magharibi mpaka liliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba. Katika majira hayohayo ile homa kali ya mafua ambayo dunia iliibandika jina la Hispania ilikuwa imekwisha teremka katika bandari za Afrika ya Mashariki, ikafuata reli, ikafuata barabara za jeshi, ikafuata misafara ya wapagazi waliokuwa wakirejea makwao. Iliingia katika nchi ambayo vita ilikuwa imekwisha ipokonya ng'ombe, nafaka na vijana. Wamisionari wa Berlin, waliokuwa na vituo vyao Kidugala, Lupembe na Yakobi, walikuwa wamekamatwa na Waingereza, na Waingereza wenyewe walikuwa hawajausimamisha utawala wao sawasawa, basi mgonjwa hakuwa na wa kumwuguza isipokuwa ndugu yake, naye ndugu yake aghalabu alikuwa mgonjwa vilevile. Wanahistoria wamekisia kwamba Tanganyika nzima ilipoteza kati ya watu 50,000 na 80,000. Naomba msomaji aziweke akilini hesabu hizo mbili, kwa maana nitazirudia.

Hapakuwa na mtu wa kuwagawia Wabena wa 1918 barakoa, walakini kwingineko duniani kitambaa hicho kilikuwa kimekwisha anza kazi na kimekwisha anza kugombaniwa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1910 na 1911, tauni ya mapafu ilipofyeka makumi ya maelfu ya watu huko Manchuria, daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliwaagiza waganga na wauguzi wafunike pua na vinywa kwa shashi iliyotiwa pamba, akisema kwamba maradhi yale husafiri katika pumzi. Daktari mmoja Mfaransa, Gérald Mesny, aliyemzidi umri na sifa, hakuisadiki kauli hiyo, akaenda kwa wagonjwa bila ya sitara, na baada ya siku chache akafa kwa tauni hiyohiyo. Miaka minane baadaye, katika mji wa San Francisco nchini Marekani, barakoa iliwekwa kuwa sheria Oktoba 1918, wavunjaji wakatozwa faini na wengine wakatiwa gerezani. Ilipoondolewa na kurejeshwa tena Januari 1919, raia wakaunda chama cha kuipinga, wakakutana kwa maelfu kudai kwamba serikali haina haki ya kumfunika mtu mzima uso. Kwa hiyo anayedhani kwamba ubishi wa barakoa ulizaliwa katika zama zetu, au kwamba ni tabia ya watu wasiosoma, historia haimuungi mkono. Ubishi ule ulikuwako katika miji yenye vyuo vikuu na magazeti, karne moja kabla ya fundi cherehani wa Makambako kukata barakoa yake ya kwanza ya kitenge.

Lakini baina ya homa ya 1918 na korona ya 2020, nchi ya Ubena ilipewa funzo jingine, zito na la muda mrefu. Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, umekuwa ukitajwa katika kila uchunguzi kuwa wa kwanza Tanzania kwa maambukizi ya Ukimwi: asilimia 14.8 ya watu wazima katika uchunguzi wa 2011 na 2012, na asilimia 11.4 katika ule wa 2016 na 2017. Kwa miaka mingi watu wa huko wamezika, wamelea mayatima, wamesikiliza mahubiri na semina, na wamebishana juu ya kinga: kama mpira wa kiume ni hekima au ni ruhusa ya uzinzi, kama kupima ni ushujaa au ni kujitafutia fedheha. Na wamewahi kukubali jambo zito lisilokuwa ada ya wengi wao. Tangu mwaka 2009 ilipoanzishwa kampeni ya tohara ya wanaume katika mkoa wa Iringa wa wakati ule, wanaume na vijana zaidi ya laki mbili walijitokeza katika muda wa miaka mitano hivi, na kampeni hizo zilifanywa hasa katika miezi ya baridi, kwa sababu watu waliamini kwamba kidonda hupona vyema wakati wa baridi, na waganga wa serikali, badala ya kuidharau imani hiyo, waliifuata kalenda yake. Hakuna aliyeburutwa. Walielezwa kwa lugha wanayoielewa, wakaonyeshwa faida, wakahudumiwa bure, jirani akamwona jirani amepona, naye akaenda. Funzo hilo lilikuwapo tayari, mlangoni, siku korona ilipowasili.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alilitangazia taifa habari ya mgonjwa wa kwanza, mwanamke Mtanzania aliyewasili kutoka Ubelgiji kwa ndege iliyotua Kilimanjaro. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule, na vyuo vikafuata. Ndoo za maji tiririka zikawekwa milangoni mwa maduka, benki, makanisa na misikiti. Mkono uliokuwa ukinyooshwa kwa salamu ukarudishwa mfukoni, na watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko na kwa miguu. Mabasi yakaagizwa kutochukua abiria wa kusimama. Huko Njombe, ambako salamu ni ibada ndogo yenye maswali na majibu, na ambako kikombe cha pombe ya ulanzi huweza kuzunguka vinywa vya watu kadhaa bila mtu kuona ila, mabadiliko hayo yaligusa adabu kabla hayajagusa siha. Mtu aliyeambiwa asimpe mkono mkwewe hakuambiwa jambo dogo.

Barakoa iliingia ikiwa na mashaka yaliyotoka kwa wataalamu wenyewe, na insafu yatudai tuliseme hilo waziwazi. Mwezi wa Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa bado likisema kwamba barakoa ni ya wagonjwa na wauguzi, na kwamba hapana ushahidi wa kutosha wa kumtaka kila mwenye afya avae. Ni tarehe 5 Juni ndipo lilipobadili ushauri wake na kuzihimiza serikali ziwashauri watu wavae barakoa za kitambaa mahali penye msongamano. Nchi za Afrika ya Mashariki hazikungoja. Rwanda na Kenya ziliamuru barakoa mwezi huohuo wa Aprili, na kanuni za Kenya zikamwekea mkaidi faini isiyozidi shilingi 20,000 za nchi ile au kifungo kisichozidi miezi sita. Uganda ikafuata Mei. Nchini mwetu Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule, Paul Makonda, alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 20 Aprili kila atokaye nyumbani mkoani humo avae barakoa. Lakini Tanzania haikuwekewa sheria moja ya nchi nzima yenye adhabu. Abiria wa Songea aliyepanda basi Dar es Salaam uso umefunikwa alikuwa huru kuuvua uso wake njiani, na mtu wa Makambako alimwona anashuka, mara amevaa, mara ameitia mfukoni, mara ameining'iniza kidevuni, akajiuliza kama maradhi haya huishia mpaka wa mkoa.

Hapo ndipo mjadala ulipopata nguvu, na yeyote aliyepita katika stendi, sokoni, kanisani au katika baraza za nyumba miezi ile alisikia rai tatu zikipambana. Rai ya kwanza ilikuwa ya imani na ya kuikataa hofu. Wenye rai hii walisema kwamba uhai umo mkononi mwa Mungu, na kwamba mtu aliyetiwa hofu huugua kabla ya ugonjwa wenyewe kumfikia. Rais John Pombe Magufuli alikuwa msemaji mkuu wa rai hiyo: tarehe 22 Machi, kanisani Dodoma, aliwahimiza waumini wasiache nyumba za ibada, na mwezi wa Aprili alitangaza siku tatu za maombi ya taifa. Si haki kuidhihaki rai hii. Taifa la watu wanaokula leo walichokipata leo lina sababu ya kuogopa kufungiwa ndani, na kiongozi aliyekataa kuufunga mlango wa soko alimwokoa mama lishe wa Makambako na njaa ambayo ingemjia kwa yakini, ilhali korona kwake ilikuwa bado ni habari ya mbali. Taksiri yake ilikuwa mahali pengine, nami nitaifikia.

Rai ya pili ilikuwa ya shaka juu ya kitu chenyewe. Hii hutoka wapi, waliuliza, nani aliishona, na je, kitambaa kilichovaliwa kutwa nzima katika vumbi la stendi, kikatiwa mfukoni pamoja na noti, kikavaliwa tena kesho bila kufuliwa, si makazi ya vijidudu badala ya kuwa kizuizi? Barakoa za dukani zilipanda bei, na mbeba magunia, ambaye pumzi yake ndiyo mtaji wake, aliona kwamba kuifunga pua ni kuufunga mkono. Viziwi, ambao husoma midomo, walipoteza nusu ya mazungumzo. Wazee nao walisema kwamba uso ni hati ya mtu, na kwamba kuja katika msiba umeufunika uso ni kama kuja huku umegeuza mgongo. Hoja hizi zilikuwa za kweli kwa kadiri yake, na zilistahili majibu: jinsi ya kufua, wapi pa kuvaa na wapi si lazima, nani apewe bure. Mafundi cherehani, kwa sifa yao, walijibu sehemu yao. Walikata vitenge na khanga, wakatia lastiki, wakauza kwa bei ambayo mkulima wa viazi aliimudu, na kwa muda barakoa ikawa nguo ya nyumbani.

Rai ya tatu ilikuwa ya wenye hadhari: wauguzi, baadhi ya walimu, baadhi ya mapadri na wachungaji, na familia zilizokuwa na mgonjwa wa kisukari, wa pumu au wa Ukimwi. Hao walisema kwamba asiyejua kama anaumwa amkinge mwenziwe na pumzi yake, na hawakuwa na neno zaidi ya hilo. Kwa mkoa wenye watu wengi wanaoishi kwa dawa za kila siku za kupunguza makali ya virusi, rai hii haikuwa ya vitabuni. Katika kila kijiji palikuwa na mtu ambaye homa ya mapafu ilikuwa na deni naye.

Mizani ya rai hizi ingeweza kuamuliwa na jambo moja, nalo ni hesabu. Mtu huvaa koti kwa kuwa anaona ukungu, na huvaa barakoa kwa kuwa ameambiwa kweli wangapi wameugua, wapi, na lini. Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi, zilizopelekwa katika maabara ya taifa kwa majina ya watu, zilirudi na majibu ya kuwa na virusi, na kwa hiyo vipimo havikuwa vya kutegemewa. Kushuku kipimo si dhambi, na kipimo kibovu hurekebishwa au hubadilishwa. Lakini baada ya siku chache takwimu zilikoma kabisa kutolewa, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila hesabu. Hii ndiyo taksiri niliyoahidi kuitaja. Si kwamba watu hawakuamriwa kuvaa barakoa. Ni kwamba waliondolewa kitu ambacho kingemfanya mwenye akili aamue mwenyewe kuivaa au kutoivaa. Tangu siku ile mjadala wa Njombe na Makambako uliacha kuwa mjadala wa siha, ukawa wa utii. Aliyevaa alionekana kana kwamba anaipinga serikali, na aliyevua alionekana kana kwamba anaipinga elimu, ilhali pengine wa kwanza alikuwa na mama mgonjwa nyumbani, na wa pili alikuwa hana shilingi ya kununulia.

Njia panda, hata hivyo, haikubali kunyamazishwa. Mwezi wa Mei serikali ya Zambia ilipoufunga kwa siku kadhaa mpaka wake wa Nakonde, ng'ambo ya Tunduma, kwa sababu ya maambukizi, malori yalisimama kwa foleni, na madereva waliorudi nyuma walisimulia Makambako waliyoyaona: huko wanapimwa, huko wanavaa, huko wanahesabiwa. Mapema mwezi wa Juni Rais alitangaza kanisani kwamba korona imeondolewa kwa uwezo wa Mungu, akafurahi kuona waumini bila barakoa. Mwisho wa mwezi huo shule zote zikafunguliwa. Baridi ya Njombe ilikuwa imekolea, kila mtu ana mafua kama ilivyo ada ya majira hayo, na kikohozi kikawa hakina jina. Barakoa zikatoweka nyusoni hata kabla ya mavuno kwisha. Zilibaki milangoni mwa hospitali, na katika mikoba ya wale wachache waliokuwa wakisafiri nje.

Makanisa, ambayo katika nchi ya Ubena ni nguzo ya jamii tangu zama za Wajerumani, nayo hayakuwa na sauti moja. Mwaka 2020 Askofu Benson Bagonza wa Karagwe na Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara walisimamisha ibada za hadhara katika dayosisi na jimbo lao, ilhali kwingine milango ilibaki wazi. Mwezi wa Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki, chini ya Rais wake, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, liliandika barua ya kuwatahadharisha waumini kwamba wimbi jipya limeingia, likiwasihi wachukue hadhari zote pamoja na sala. Siku chache baada ya barua ile Waziri wa Afya, Dorothy Gwajima, aliwaonyesha waandishi wa habari kinywaji cha tangawizi, vitunguu, ndimu na pilipili, na nchi nzima ikawa inapiga nyungu, yaani kujifukiza. Huko Njombe majani ya mikaratusi hayana bei, na mvuke wake ulijaa nyumba. Kisha vikaja vifo ambavyo havikuweza kusitiriwa. Tarehe 17 Februari Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimekiri hadharani kwamba anaugua korona, alifariki dunia. Siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Mwanzoni mwa Machi Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padri Charles Kitima, alisema kwamba katika muda wa miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na watawa wa kike zaidi ya 60 walikuwa wamefariki, wengi kwa shida ya kupumua. Kanisa lilikuwa limefanya ile kazi iliyoachwa: lilihesabu.

Na tazama jinsi hesabu ilivyo na nguvu. Tarehe 21 Februari 2021 Rais Magufuli mwenyewe, akizungumza kanisani Dar es Salaam, alisema kwamba serikali haijakataza barakoa, bali watu watumie zilizoshonwa nchini na wazihadhari zinazotoka nje, kwa kuwa usalama wake haujulikani. Wizara ya Afya nayo ikawakumbusha watu kunawa, kuepuka msongamano na kujikinga. Neno lile lilikuja likiwa limechelewa, lakini lilikuja, na aliyelileta alikuwa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko zote. Mwezi mmoja haukutimia, na tarehe 17 Machi taifa likatangaziwa kwamba Rais amefariki kwa maradhi ya moyo. Watu walimlilia kwa dhati, Njombe na Makambako kama kwingineko, kwa maana walimpenda; na upendo huo ndio unaoonyesha ukubwa wa amana iliyokuwa mikononi mwake.

Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021, na tarehe 6 Aprili alisema ataunda kamati ya wataalamu, kwa kuwa haifai taifa kujitenga kama kisiwa. Kamati hiyo, chini ya Profesa Said Aboud, ilimkabidhi taarifa yake tarehe 17 Mei. Kabla ya taarifa hiyo watu walikuwa wamekwisha soma tangazo jingine usoni mwake, maana alionekana katika mikutano amevaa barakoa. Mwishoni mwa Juni akataja hadharani idadi ya wagonjwa waliokuwapo na idadi ya wanaopumua kwa msaada wa oksijeni. Mwezi wa Julai ukatolewa mwongozo wa mikusanyiko unaohimiza barakoa, na tarehe 28 Julai akachanjwa mbele ya kamera. Mjadala ukahama kutoka kitambaa kwenda sindano, na Askofu Josephat Gwajima, Mbunge wa Kawe wakati ule, akawa msemaji wa wanaokataa, hata Bunge likamwadhibu. Barakoa ikarudi katika ofisi, benki na baadhi ya mabasi, lakini sokoni Makambako haikurudi kama ilivyokuwa Aprili 2020. Watu walioambiwa vaa, kisha vua, kisha vaa za nyumbani, kisha vaa zote, walikuwa wamechoka na kauli zenyewe kabla hawajachoka na kitambaa.

Katika mwaka huo wa 2021, wataalamu waliofanya uchunguzi katika vijiji 600 vya Bangladesh, penye watu wazima zaidi ya 340,000, walitoa jibu ambalo laiti tungalikuwa nalo mapema. Waligawa barakoa bure nyumba kwa nyumba, wakawaeleza watu, wakawaomba maimamu na viongozi wa vijiji wavae mbele ya watu, na wakaweka wa kuwakumbusha kwa upole sokoni na misikitini. Wavaaji wakaongezeka kutoka asilimia 13 hadi 42, na penye barakoa za hospitali maradhi yakapungua, hasa kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Faini haikuwamo katika dawa hiyo. Msomaji wa Njombe atatambua kwamba hii ndiyo njia ileile ya kampeni ya tohara: bure, kwa maelezo, kwa mfano wa jirani na kwa kuheshimu majira ya watu. Tulikuwa nayo nyumbani, na hatukuichukua.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya korona. Sasa turudi katika zile hesabu mbili za 1918. Baina ya 50,000 na 80,000 kuna watu 30,000, ambao historia haijui kama walikufa au hawakufa. Kila mmoja wao alikuwa na jina, alisalimiwa "Kamwene" asubuhi, alikuwa na jembe na mlango. Wamepotea mara mbili, kwanza kwa homa na pili kwa kutohesabiwa, kwa sababu wakati ule nchi ilikuwa vitani na hapakuwa na wa kushika kalamu. Sisi wa 2020 tulikuwa na kalamu. Tulikuwa na hospitali za Kibena, Ilembula na Ikonda, tulikuwa na ofisi za kata na vitabu vya maziko vya makanisa, tulikuwa na amani. Na bado mwandishi wa historia wa mwaka 2120, atakapotaka kujua ni wangapi waliozikwa katika vilima hivi tangu Mei 2020 hata katikati ya 2021, atalazimika kukisia kama tunavyokisia sisi.

Kwa hiyo nawasihi wenye familia katika Njombe na Makambako, maadamu kumbukumbu bado ni mbichi, wafungue daftari la nyumbani na kuandika: fulani, umri wake, siku aliyoanza kukohoa, siku aliyozikwa, nani alimwuguza. Wasiandike sababu wasiyoijua, waandike waliyoyaona. Na siku maradhi mengine yatakapopanda Kitonga, kama yalivyopanda haya na yale, mjukuu atakayeulizwa avae nini usoni aweze kulifungua daftari lile na kuamua kwa kujua.